Mzio wa chakula kwa mtoto mdogo: jinsi ya kuutambua, kumlinda na kumlisha vizuri

Kila tunapozungumzia lishe ya watoto hewani, simu na ujumbe mfupi huja kutoka kwa wazazi wenye swali linalofanana. Mtoto wa mwaka mmoja au miwili amekula karanga, yai, korosho au kamba, na muda mfupi baadaye ametoka vipele, amevimba midomo au ametapika. Mzazi anauliza: hii ni kawaida? Nimpe tena? Au nimnyime kila kitu cha aina hiyo?

Tumeandika makala haya ili upate majibu mahali pamoja, uyasome wakati wowote kwenye simu, na umsomee bibi, shangazi au jirani anayebaki na mtoto unapokwenda shambani. Yanamhusu zaidi mtoto wa mwaka mmoja hadi mitatu. Huu ni umri ambao mtoto anaanza kula chakula cha nyumbani kama wengine, anaokota kila anachokiona chini, na bado hajui kusema kinachomsumbua.

Jambo moja tunaomba ulishike tangu mwanzo. Mzio wa chakula, ambao wengi huuita aleji, una hatari mbili. Ya kwanza ni kuudharau, mtoto akapatwa na hali inayoweza kumuua ndani ya muda mfupi. Ya pili ni kuuogopa kupita kiasi, mtoto akanyimwa vyakula vingi mpaka akapata utapiamlo. Kazi ya mzazi ni kukijua kwa uhakika chakula chenye shida, kukiondoa hicho tu, na kuweka kingine mahali pake.

MZIO WA CHAKULA NI NINI

Mwili wa binadamu una kinga inayopambana na vijidudu vya magonjwa. Kwa mtoto mwenye mzio, kinga hiyo inakosea. Inakutana na protini iliyomo kwenye chakula kizuri, kwa mfano yai, na kuichukulia kama adui. Mwili unamwaga kemikali, mojawapo ikiitwa histamini, na hizo ndizo zinazoleta muwasho, uvimbe, kutapika na kubanwa kifua.

Kutokana na hilo, kumbuka mambo matatu:

- Chakula chenyewe hakina kosa. Ndugu zake wanaweza kula chungu kimoja naye wakabaki salama.
- Kiasi kidogo kinatosha. Kwa baadhi ya watoto, kijiko kilichokorogea mchuzi wa karanga kikitumika kukorogea uji wao, shida inaanza.
- Kula mara ya kwanza bila shida hakuthibitishi kwamba hakuna mzio. Kinga ya mwili hukutana kwanza na chakula, ikakizoea kama adui, na mara inayofuata ndipo dalili zinapoonekana.

DALILI ZA KAWAIDA

Mara nyingi dalili huanza dakika chache baada ya kula, na kwa kawaida hazizidi saa mbili. Angalia haya:

- Vipele vilivyovimba na kuwasha, kama vya mtu aliyeguswa na upupu. Vinaweza kuhama kutoka sehemu moja ya mwili kwenda nyingine.
- Midomo, macho au uso kuvimba.
- Kujikuna mdomo, ulimi au masikio.
- Mafua ya ghafla, kupiga chafya, macho kutoa machozi.
- Kutapika, tumbo kunyonga au kuharisha.

Upo pia mzio unaochelewa. Mtoto anaweza kutapika mfululizo saa moja hadi nne baada ya kula, akapauka na kulegea. Mwingine anapata choo chenye damu, au pumu ya ngozi inayozidi kila anapopewa chakula fulani. Huu hautoi vipele vya haraka, kwa hiyo wazazi wengi hawauhusishi na chakula. Mtoto anayetapika mpaka kulegea apelekwe kituo cha afya siku hiyo hiyo bila kusubiri.

DALILI ZA HATARI: USISUBIRI

Mzio unaposhika mwili mzima, njia ya hewa hubanwa na msukumo wa damu hushuka. Hali hii inaweza kumuua mtoto. Kimbia naye kituo cha afya ukiona dalili yoyote kati ya hizi:

- Anapumua kwa shida, anakoroma, anapiga miluzi kifuani, au mbavu zinaingia ndani akivuta pumzi.
- Sauti imekauka au analia kwa sauti isiyo yake.
- Ulimi umevimba, anadondosha mate, anashindwa kumeza.
- Amepauka au midomo imebadilika rangi, mikono ni ya baridi.
- Amelegea ghafla kama kitambaa, hasikii akiitwa, au amezimia.
- Ana vipele mwilini na papo hapo anatapika mara kwa mara.

Vipele si lazima viwepo. Mtoto aliyekula korosho kisha akaanza kukohoa na kulegea yumo hatarini hata kama ngozi yake ni safi.

Fanya hivi, kwa mpangilio huu:

1. Ondoa chakula kilichobaki mdomoni, kama unakiona. Usimtapishe. Usimnyweshe maziwa, mafuta, mkaa wala dawa ya mitishamba, kwa sababu koo lililovimba linaweza kumpalia.
2. Mlaze chali na uinue miguu yake kidogo. Kama anapumua kwa shida, mwache akae mapajani mwako. Kama amezimia au anatapika, mlaze ubavu.
3. Ita msaada na muondoke. Kwenye bodaboda apande mtu mzima wa kumshika mtoto mbele, uso wake ukiwa unaonekana. Usimbebe mgongoni kwa kanga, maana hutamwona akibadilika, na kukaa wima kunaweza kumzidishia hali damu inaposhuka.
4. Kama una namba ya mhudumu wa zahanati, apigiwe mkiwa njiani.
5. Mkifika, msipange foleni. Sema wazi: mtoto amekula kitu fulani, saa fulani, amevimba na anapumua kwa shida, tunadhani ni mzio mkali.

Dawa inayookoa maisha hapo ni sindano ya adrenalini, inayochomwa kwenye paja. Ni dawa ya siku nyingi, na imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Inafanya kazi vizuri zaidi ikichomwa mapema. Baada ya sindano mtoto anaweza kuchangamka kabisa, lakini usikubali kuondoka haraka. Dalili zinaweza kurudi baada ya saa kadhaa, ndiyo maana hubakizwa akiangaliwa.

Hapa wengi hujikwaa kwa Piriton na dawa nyingine za muwasho zinazouzwa duka la dawa. Dawa hizo hupunguza vipele na kujikuna tu. Hazifungui njia ya hewa wala hazipandishi msukumo wa damu. Tena Piriton huleta usingizi, na mtoto anayelala kwa dawa huwezi kumtofautisha na mtoto anayezimia. Kwa dalili za hatari, usipoteze dakika kwenda dukani.

VYAKULA VINAVYOLETA MZIO MARA NYINGI

Chakula chochote kinaweza kuleta mzio, lakini sehemu kubwa ya mzio wa watoto hutokana na makundi tisa: maziwa ya ng'ombe, mayai, karanga, jamii ya korosho, samaki, jamii ya kamba na kaa, ngano, soya na ufuta.

Huku kwetu Lindi na Mtwara orodha hiyo ni kama kapu la nyumbani. Korosho na ufuta ndiyo mazao yetu ya biashara, karanga zinaungiwa mboga, na pwani haikosi samaki, kamba wala pweza. Wakati wa msimu wa korosho zinaanikwa uani, zinabanguliwa barazani, na mtoto anatambaa katikati yake. Kwa hiyo mtoto mwenye mzio wa korosho hawezi kulindwa kwa kumwambia mama tu. Nyumba nzima lazima ijue.

Karanga na korosho si ndugu. Karanga ni jamii ya kunde, korosho ni tunda la mti. Mtoto anaweza kuwa na mzio wa moja na akala nyingine salama, ingawa wapo wenye mzio wa zote mbili. Watoto wengi wenye mzio wa karanga hula kunde, mbaazi na maharage bila shida. Nazi nayo mara chache sana huleta mzio.

YANAYOFANANA NA MZIO LAKINI SIYO

Kabla ya kusema mtoto ana mzio, pima kwanza haya.

Samaki aliyeharibika. Jodari, vibua na samaki wengine wa aina hiyo wakikaa juani hutengeneza histamini kwenye nyama yao. Anayewala hupata uso mwekundu, vipele na kichwa kuuma, kama mtu mwenye mzio. Kuwapika hakuiondoi. Ukiona watu wawili watatu waliokula samaki mmoja wamepatwa pamoja, shaka kubwa ni samaki mwenyewe.

Mafuta ya maganda ya korosho. Haya huunguza ngozi ya yeyote, mkubwa kwa mdogo. Mtoto aliyeshika au kutafuna korosho yenye ganda akapata malengelenge mdomoni na mikononi ameunguzwa na mafuta hayo. Mpeleke atibiwe, lakini haina maana kwamba ana mzio wa korosho iliyobanguliwa.

Maziwa kumsumbua tumbo. Baada ya kuharisha sana, utumbo wa mtoto unaweza kushindwa kwa muda kusaga sukari ya maziwa. Anajaa gesi na kuharisha, ila hapati vipele wala uvimbe. Mara nyingi hali hii huisha yenyewe utumbo ukipona.

Sumukuvu. Hii ni sumu ya ukungu unaoota kwenye karanga na mahindi yasiyokaushwa vizuri. Mwaka 2016 iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Haihusiani na mzio, na humdhuru kila anayekula. Karanga zenye ukungu, zilizosinyaa au chungu zisitumike kwa uji wa mtoto yeyote.

Utapiamlo. Kuvimba kwa mzio huja ghafla, usoni na midomoni. Kuvimba kwa kwashakoo huja polepole, huanzia miguuni, na ukibonyeza kwa kidole shimo linabaki. Mtoto huyo anahitaji chakula na matibabu haraka. Kumnyima vyakula kwa kudhani ni mzio ni kumuongezea ugonjwa.

Tuseme pia neno juu ya mila zetu. Mtoto anayevimba koo au kukohoa baada ya kula wapo wanaompeleka kukatwa kimeo. Kukata kimeo hakuondoi mzio, na watoto hupoteza damu, huambukizwa na wengine hufa. Wapo pia wanaosema ni mchango, wakampa dawa za kienyeji wakati anaendelea kula kilekile kinachomdhuru. Na ipo imani kwamba mtoto hapaswi kupewa mayai kwa sababu atachelewa kuongea au atakuwa mwizi. Hiyo si sababu ya kumnyima mayai. Mtoto asiye na mzio wa mayai ale mayai.

JINSI YA KUKIPATA CHAKULA CHENYE SHIDA

Chukua daftari, au tumia sehemu ya kuandikia kwenye simu. Kila mtoto anapopatwa, andika mambo matano: alikula nini na nini, kiasi gani, saa ngapi, dalili zilianza saa ngapi na zilikuwaje, na zilichukua muda gani kuisha. Kama simu yako ina kamera, piga picha ya vipele. Vipele vya mzio vinaweza kuisha ndani ya saa chache, na mara nyingi mtoto anafika kliniki ngozi ikiwa safi. Picha hiyo ina thamani kubwa kwa daktari.

Shida kubwa tunayoiona ni unga wa lishe. Mama anachanganya mahindi, ulezi, mchele, soya, karanga, ufuta, ngano na dagaa, anasaga pamoja, kisha mtoto anatoka vipele. Kipi kimemdhuru? Haiwezekani kujua. Unga wenye mchanganyiko mwingi si lazima kwa mtoto kukua. Anza na uji wa nafaka moja au mbili alizozizoea. Kingine kipya kiongeze peke yake, kidogo, asubuhi mtoto akiwa mzima, kisha subiri siku mbili tatu kabla ya kuongeza kingine. Asubuhi ni bora kwa sababu jambo likitokea, zahanati iko wazi na usafiri upo.

Utaratibu huo ni wa vyakula ambavyo hajavila. Chakula ambacho tayari kilimletea dalili usimjaribishie tena nyumbani ili kuhakikisha. Mara ya kwanza huenda ilikuwa vipele, ya pili ikawa kubanwa pumzi.

Peleka daftari lako kliniki ya watoto au zahanati pamoja na kadi ya mtoto. Mganga akiona haja atakupa rufaa kwenda hospitali ya wilaya au ya mkoa, kama Ligula kwa Mtwara na Sokoine kwa Lindi. Kuna vipimo vya mzio vya ngozi na vya damu vinavyofanyika katika hospitali kubwa, lakini kipimo peke yake hakitoshi kutoa jibu. Mtoto anaweza kuonyesha alama kwenye kipimo na bado akala chakula hicho bila shida. Historia uliyoandika ndiyo inayokipa kipimo maana.

ONDOA KIMOJA, WEKA KINGINE

Chakula kikishajulikana, kinaondolewa kabisa, lakini mtoto bado anahitaji kile ambacho chakula hicho kilikuwa kinampa. Hapa kwetu vipo vya kubadilisha:

- Mzio wa mayai: mpe samaki, kuku, nyama, maini, maharage au kunde.
- Mzio wa karanga au korosho: hivi vilikuwa vinampa mafuta na nguvu. Tumia tui la nazi, parachichi, au kijiko cha mafuta ya alizeti kwenye uji, na kunde au mbaazi zilizopondwa.
- Mzio wa samaki: mpe mayai, nyama, kuku, maharage, na hakikisha nyumbani mnatumia chumvi yenye madini joto.
- Mzio wa ngano: una nafuu kubwa hapa. Ugali wa mahindi, muhogo, mtama, wali, viazi na ndizi havina ngano. Angalia mkate, chapati, maandazi, tambi na biskuti.
- Mzio wa maziwa ya ng'ombe: endelea kunyonyesha. Mpe dagaa wanaoliwa na mifupa yao wakiwa wamesagwa, majani ya kunde, mchicha, mayai na jamii ya maharage. Kwa mtoto wa chini ya miaka miwili asiyenyonya tena, pata ushauri wa mtaalamu wa lishe, kwani maziwa ni vigumu kuyafidia.

Kama vyakula vya kuondoa vimefika viwili au zaidi, usijipangie mwenyewe. Nenda kliniki, na uzito wake upimwe kila mwezi. Mstari wa ukuaji kwenye kadi ukilala au ukishuka, ni ishara kwamba hapati anachohitaji.

CHAKULA KINAPOJIFICHA

Mzazi makini anaweza kuondoa karanga mezani, na mtoto bado akapatwa. Tazama sehemu hizi:

- Mashine ya kusaga. Aliyetangulia akisaga karanga au soya, unga wako unabeba mabaki. Omba usagiwe baada ya mahindi, na unga wa kwanza kutoka uutumie kwa watu wengine. Kama mzio ni mkali, twanga nyumbani kwa kinu ambacho hakitumiki kwa karanga.
- Mboga. Mchicha, kisamvu na majani ya maboga mara nyingi huungwa kwa karanga. Pakua ya mtoto kabla hujaiunga.
- Mafuta ya kukaangia. Mafuta yaliyokaangia samaki yakikaangia mihogo, mihogo inabeba samaki.
- Kashata, ubuyu na biskuti za dukani. Soma maandishi ya pakiti. Kama hakuna maandishi, usimpe.
- Mikono na mdomo. Aliyetoka kula korosho anawe kwa sabuni kabla ya kumbeba au kumbusu mtoto. Maji matupu hayatoshi.

Mtoto awe na kikombe, sahani na kijiko chake. Chakula chake kipikwe na kupakuliwa kwanza.

WATU WOTE WAJUE

Mtoto wa kijijini halelewi na mama peke yake. Anabaki kwa bibi, anachukuliwa na dada, anakula kwa jirani, anapewa kipande cha mkate msibani na harusini. Kwa hiyo mzio usiwe siri ya ndani. Waeleze baba, bibi na babu, wajomba, majirani, mwalimu wa chekechea na mhudumu wa afya wa kijiji.

Wazee wengine huona kama mtoto anadekezwa, au mama anaringa. Usibishane nao mbele ya watu. Kaa nao kwa heshima, ueleze kilichotokea, uwaonyeshe picha ya siku ile, na uwaombe wakusaidie kulinda mjukuu wao. Bibi akishaelewa, anakuwa mlinzi mkali kuliko wewe.

Andika kwenye karatasi na uibandike ukutani: jina la mtoto, asichokula, dalili za hatari, namba ya zahanati, na namba za bodaboda wawili wanaopatikana usiku. Weka akiba ndogo ya nauli isiyoguswa. Na siku ya kliniki ijayo, muulize mganga: hapa mna adrenalini? Kama haipo, ni kituo gani cha karibu kinayo? Swali hili ni bora ulijue jibu lake leo kuliko saa nane usiku.

MASWALI TUNAYOULIZWA

Nimpe maziwa ya mbuzi badala ya ng'ombe?
Hapana. Protini zake zinafanana sana na za ng'ombe, na watoto wengi wenye mzio wa maziwa ya ng'ombe hupatwa vilevile na ya mbuzi. Mtindi na maziwa ya unga pia ni maziwa yaleyale.

Niache kumnyonyesha?
Usiache. Inashauriwa mtoto anyonye mpaka miaka miwili au zaidi. Kwa wachache, chakula anachokula mama kinaweza kupita kwenye maziwa yake. Hapo mganga anaweza kumshauri mama aache chakula hicho kwa muda, huku akiendelea kunyonyesha.

Ana mzio wa mayai, apate chanjo ya surua?
Ndiyo. Chanjo ya surua na rubella, inayotolewa miezi 9 na miezi 18, ni salama kwake. Mwambie muuguzi kuhusu mzio, lakini usiruke chanjo. Kwa chanjo ya homa ya manjano, ongea kwanza na daktari.

Nimpe kidogo kidogo azoee?
Si nyumbani. Yapo matibabu ya namna hiyo, lakini hufanywa na wataalamu, kwa vipimo maalumu na dawa ya dharura ikiwa pembeni.

Atapona?
Watoto wengi wenye mzio wa maziwa, mayai, ngano na soya huuacha wanapokua. Mzio wa karanga, korosho, samaki na kamba huelekea kudumu, ingawa wapo wanaouacha. Kurudisha chakula kuamuliwe na daktari, na ikiwezekana kijaribiwe hospitalini.

Mdogo wake anayekuja nimnyime karanga na mayai?
Hapana. Zamani wazazi waliambiwa wachelewesha vyakula hivi, lakini ushauri umebadilika. Mwaka 2015 watafiti wa London wakiongozwa na Profesa Gideon Lack walitoa matokeo ya watoto 640 waliokuwa katika hatari kubwa ya mzio. Walioanza kula vyakula vya karanga kabla ya kufikisha mwaka mmoja, na wakaendelea, walipofika miaka mitano wapatao 3 tu kwa kila 100 walikuwa na mzio wa karanga. Kwa walionyimwa, walikuwa wapatao 17 kwa kila 100. Kwa hiyo, baada ya miezi sita, mtoto aanze kupewa karanga zilizosagwa laini kwenye uji na yai lililoiva vizuri. Kama ana pumu ya ngozi kali au tayari ana mzio mwingine, muone kwanza daktari. Karanga na korosho nzima asipewe mtoto yeyote wa chini ya miaka mitano, kwa sababu zinapalia.

LA KUFANYA WIKI HII

Kama unamshuku mtoto wako, anza na mambo manne: andika kilichotokea, acha kumpa chakula hicho kimoja, mpeleke kliniki, na waeleze wanaomlea. Vyakula vingine vyote anavyokula vizuri, aendelee navyo.

Makala haya hayachukui nafasi ya mganga aliyemshika mtoto mkononi. Yanakusaidia kufika kwake mapema ukiwa na maelezo kamili. Yahifadhi kwenye simu, na umtumie mwenzako mwenye mtoto mdogo. Ukiwa na swali ambalo hatujaligusa, tutumie ujumbe kupitia namba ya studio, nasi tutalipeleka kwa wataalamu na kukujibu hewani.